Minyoo ya plastiki ya kizamani: kwa nini samaki wanaipenda kuliko hii mipya?

#1 Ndoano_Kavu
Wakuu, salaam.

Nimekaa Texas miaka mingi, sasa nimerudi nyumbani, niko Kisasa hapa Dodoma. Kule ugonjwa wangu ulikuwa kuvua besi, yule samaki wa mdomo mpana anayevizia kwenye majani na visiki. Kabla sijaondoka nilinunua sanduku la vifaa kwa mzee mmoja aliyekuwa anauza vitu vyake uani. Nilichokuwa nakitaka ni rili tu, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Chini kabisa, chini ya makorokoro, nikakuta pakiti za chambo, minyoo ya plastiki ya kizamani: inchi saba hivi, imenyooka, haina mkia wa kujikunja, haina makucha, haina ndevu. Zambarau na nyeusi, basi.

Siku moja kwenye bwawa la Lake Fork, kulekule Texas, samaki wamegoma kabisa. Nimeshawarushia kila kitu cha bei mbaya nilichokuwa nacho. Nikafunga ile ya zambarau kwa utani. Ikashikwa, ikashikwa tena, na tangu hapo ile mipya imekaa inakula vumbi.

Hoja yangu: besi wa mabwawa yale wamerushiwa mikia ya kujikunja na makucha tangu wakiwa vifaranga, wameshaijua janja yake. Mnyoo ulionyooka hawajawahi kuuona, maana wavuvi waliacha kuutumia. Cha zamani kwao ndiyo kipya.

Naombeni maoni. Halafu nimekuja na hizo pakiti. Nikizitupa kwenye bwawa la Hombolo au la Mtera, ambako besi hakuna, nitapata kitu au nitachekwa?

#2 Kibanda_Umiza_Area_D
Utachekwa. Naweka kambi hapa.

#3 Muuza_Samaki_Majengo
Karibu nyumbani kaka. Mimi nauza samaki hapa sokoni Majengo, wengi wa Mtera, nawapasua tangu asubuhi. Nakwambia nilichokiona kwa macho. Perege ukimfungua, utumbo ni mrefu mwembamba, umejikunja kunja, umejaa tope la kijani. Huyo anakula mwani wa majini, hana shida na mnyoo wako. Kambale ndiyo hana adabu: visamaki, panzi, chura mzima, siku nyingine nakuta kizibo cha soda. Kama kizibo anameza, mnyoo wa plastiki atashindwa nini?

#4 Mwalimu_Mstaafu
Vijana, historia kidogo ili tusiende hewani. Mnyoo laini wa plastiki uliofanikiwa sokoni ulianzia kwa Nick Creme, Akron, Ohio, mwaka 1949. Akron ule mji wa matairi. Yeye na mkewe Cosma waliupikia nyumbani: walitengeneza kalibu kutokana na mnyoo halisi wa ardhini, wakapika mchanganyiko wao, wakamimina. Baadaye shughuli zikahamia Tyler, Texas, ambako si mbali na hiyo Lake Fork ya mleta uzi.

Ile ya mwanzo iliuzwa imeshafungwa tayari, ndoano mbili tatu, shanga, na kijifeni kidogo mbele. Wavuvi wa Texas ndio waliokuja na ufungaji ulioshika dunia: ndoano moja, ncha yake inarudishwa ndani ya mwili wa mnyoo isichomoze, na mbele yake chubwi yenye umbo la risasi inayoteleza kwenye mshipi. Kwa hiyo unaupitisha katikati ya majani na matawi, haukwami. Mikia ya kujikunja ilivuma miaka ya 1970. Kwa maana hiyo mnyoo ulionyooka ndio babu wa wote.

#5 Mpwani_Aliyepotea
Shikamoo mwalimu. Ila msitufanye kama chambo bandia kiligunduliwa Marekani. Mimi kwetu Pangani. Wazee wetu walikuwa wanachambua nyuzi za kiroba, wanazifunga kwenye ndoano, wanaburuza nyuma ya ngalawa, jodari anakuja mbio. Hakuna aliyewaita wavumbuzi.

#6 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Nimesema mnyoo laini wa plastiki, sijasema chambo bandia. Soma tena taratibu.

#7 Boya_Linazama
Mwalimu kakaza 😂

Mi najua kitu kimoja, yule besi mkubwa kuliko wote duniani alivuliwa na mnyoo wa plastiki huko Georgia. Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi.

#8 Hesabu_Haidanganyi
@Boya_Linazama hapana. Besi wa George Perry alivuliwa Georgia tarehe 2 Juni 1932, pauni 22 na aunsi 4, kilo 10 na ushee. Mwalimu hapo juu kasema plastiki ni 1949. Perry alitumia samaki wa bandia wa mbao. Rekodi hiyo ilikuja kufikiwa na Manabu Kurita, Ziwa Biwa, Japani, tarehe 2 Julai 2009. Miaka 77.

Halafu @Ndoano_Kavu hoja yako ina tundu. Lake Fork ni bwawa la kutengenezwa, lilikamilika 1980. Minyoo ya Creme ilikuwa na miaka thelathini sokoni. Hao samaki wa Lake Fork walianza kukutana na mikia ya kujikunja siku ya kwanza maji yalipojaa. Kwa hiyo hawajasahau kitu, hawakuwahi kukijua.

#9 Ndoano_Kavu
@Hesabu_Haidanganyi mkuu, hapo umenisaidia, hujanipinga. Mimi nimesema hawajawahi kuuona. Kama hawakuwahi kuujua ndiyo vizuri zaidi.

#10 Hesabu_Haidanganyi
Ila watu wa Texas hawakuacha kutumia ulionyooka. Wapo wanaoutumia hadi leo, kiwanda bado kinauza. Hiyo "wavuvi waliacha" umeitoa wapi?

#11 Kibanda_Umiza_Area_D
Nimeleta karanga.

#12 Binti_Nyegezi
Habari zenu. Mimi nimesomea uvuvi Nyegezi, Mwanza. Naona mnagombania kumbukumbu ya samaki wakati kuna maelezo mepesi zaidi.

Samaki ana mstari ubavuni unaohisi mtetemo wa maji. Mkia wa kujikunja unatetemesha maji muda wote ukivutwa. Hilo ni zuri maji yakiwa machafu au samaki akiwa na njaa, anakusikia kabla hajakuona. Kwenye bwawa linalovuliwa kila siku, ule mtetemo huohuo unaweza kumfukuza. Mnyoo ulionyooka uko kimya. Unalala chini, chubwi ikisogea unaburuzika kidogo, unalala tena. Ni mlo usio na makelele.

Kwa hiyo kwangu si uzamani. Ni ukimya.

#13 Fundi_Kalibu
Dada Binti kaongea vizuri ila mimi nitaongeza upande wa plastiki yenyewe, maana kazi yangu ni kumimina vitu.

Hii minyoo ni unga wa PVC uliochanganywa na mafuta ya kulainishia, unapashwa moto hadi nyuzi 175 hivi, unageuka uji, unamiminwa. Ukizidisha mafuta unakuwa laini, ukipunguza unakuwa mgumu. Mingi ya kisasa imepakiwa chumvi ndani, kwa sababu mbili: samaki akionja asiteme haraka, na uzito, ili uzame bila chubwi. Ule maarufu wa Gary Yamamoto una chumvi ya kutosha, unazama huku unatikisika kiunoni, ndiyo siri yake. Wa zamani hauna chumvi. Ni mwepesi. Chubwi inakaa chini kwenye tope, mwili unabaki umenyanyuka kidogo, mkia juu. Samaki anauona. Wenye chumvi umelala kwenye tope lote.

Kwa hiyo si ukimya wala kumbukumbu. Ni uzito.

#14 Boya_Linazama
Sasa tumefika wangapi? Kumbukumbu, ukimya, uzito. Bado uchawi.

#15 Mtani_wa_Tabora
Uchawi muulizeni mleta mada, Mgogo kakaa Marekani miaka yote hiyo anarudi na minyoo. Wenzake wanarudi na gari 😂😂

#16 Ndoano_Kavu
Mtani, wewe ungerudi na asali ya Tabora uliyoondoka nayo. Tulia.

#17 Mama_Wawili_Ipagala
Mume wangu ana ugonjwa huohuo. Kinachonichekesha ni hiki: akitumia chambo kipya anavuta haraka haraka kama anafukuzwa, anataka kuona kinavyocheza. Akitumia cha zamani anatulia, anavuta sigara, anasahau hata kama ana mshipi mkononi. Samaki wanakuja wakati huo. Nyie wanaume mnasifia mnyoo, kumbe kilichobadilika ni mkono.

#18 Binti_Nyegezi
@Mama_Wawili_Ipagala dada, hii nimeipenda kuliko ya kwangu.

#19 Ndoano_Kavu
Siwezi kukataa kwamba navuta taratibu zaidi. Mnyoo usiocheza wenyewe unakulazimisha uuchezeshe wewe. Unanyanyua ncha ya fimbo kidogo, unashusha, unasubiri hadi mshipi ulegee. Lakini ile mipya nayo nimeivuta taratibu, haikutoa kitu.

#20 Mzee_wa_Manyoni
Mimi naona mnasahau harufu. Kuna jamaa mmoja wa Alabama, Tom Mann, minyoo yake ilikuwa na harufu ya matunda, zabibu, stroberi. Watu walicheka, ikauzika sana. Minyoo ikikaa kwenye pakiti moja na mafuta ya manukato kwa miaka, hiyo harufu imeingia hadi ndani. Mleta uzi, hebu inuse hiyo yako ya zambarau.

#21 Ndoano_Kavu
Inanuka kama duka la vipodozi lililofungwa muda mrefu.

#22 Mzee_wa_Manyoni
Basi.

#23 Kijana_wa_Kondoa
Wakuu nimesoma uzi wote. Swali la kijinga: kwa nini tusiwalete hao besi wenyewe tukawaweka Mtera? Watalii watakuja, vijana watapata ajira, SGR ipo, mtu anatoka Dar asubuhi jioni anavua.

#24 Binti_Nyegezi
Hapana hapana hapana.

Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na kuendelea. Pesa ilipatikana, sikatai, kwetu watu wamejenga kwa sangara. Ila furu, wale wadogo wa aina mamia kwa mamia, wengi walipotea. Besi naye ni mla wenzake. Afrika Kusini wamempeleka kwenye mito, samaki wadogo wa asili wameisha sehemu nyingi. Japani kwenye hilohilo Ziwa Biwa la rekodi, sheria inamtambua kama mvamizi tangu 2005.

Halafu bonde la Rufiji lina samaki wake ambao hawapo kwingine. Mtu asije akaleta ndoo ya vifaranga usiku.

#25 Msafiri_Nakuru
Jirani zenu hapa Kenya. Besi tunao Naivasha tangu 1929. Kamba wa maji baridi wa Louisiana wakaongezwa 1970, besi wakawageuza chakula kikuu. Kwa hiyo hapa mnyoo wa zambarau si lolote. Chambo laini chenye umbo la kamba, kahawia au chekundu, ukikiburuza chini kati ya magugu, hapo ndipo pana kazi. Ninachosema ni kwamba samaki anafuata anachokula mahali alipo. Angalieni wenu wanakula nini kwanza.

Na angalieni viboko. Hiyo haina utani.

#26 Muuza_Samaki_Majengo
Si ndiyo nilichosema namba 3? Fungueni matumbo.

#27 Mkulima_Zabibu_Hombolo
Nipo Hombolo, shamba langu la zabibu haliko mbali na bwawa. Bwawa hili ni la 1957, limejaa mchanga, kina si kama zamani, na maji yana chumvichumvi. Samaki ni perege na kambale. Maji kahawia muda mwingi, hata mkono wako ukiuzamisha hadi kiwiko huoni vidole. Mnyoo wa kimya wa dada Binti hapa nani atauona? Labda rangi nyeusi, maana kitu cheusi kwenye maji machafu kinaonekana kivuli chake.

Kinachobaki kinaenda Mtera huko, sote maji yetu ni yaleyale.

#28 Hesabu_Haidanganyi
@Mkulima_Zabibu_Hombolo maji ya Hombolo hayaendi Mtera. Yanafuata mto Kinyasungwe kwenda Wami. Mtera ni Ruaha Mkuu, inakwenda Kidatu hadi Rufiji. Mabonde mawili tofauti, na samaki wa asili wanaweza kutofautiana pia.

#29 Mkulima_Zabibu_Hombolo
Sawa mkuu, umeshinda. Kambale wangu hajui ramani.

#30 Fundi_Umeme_Mtera
Kwa wanaotaka kwenda Mtera: lile bwawa lilijengwa kutunza maji ya kituo cha umeme cha Kidatu, baadaye likawekewa mitambo yake ya megawati 80. Kwa hiyo maji yanapanda na kushuka sana, kiwango cha juu cha maji ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, cha chini 690. Mita nane na nusu. Mahali palipokuwa na samaki mwezi Mei, Novemba unakuta ng'ombe wanachungwa.

Miti iliyozama imesimama mikavu majini, ndege wamejaa juu yake. Mshipi wa kawaida unakwama kila dakika. Ule ufungaji wa Texas aliousema mwalimu, ndoano imefichwa ndani, kwa pale una maana kabisa. Nimeona mtu akipoteza chambo cha ndoano tatu-tatu cha bei kubwa kwenye mrushio wa kwanza, akakaa chini kwenye jiwe, akawasha simu.

Mamba wapo. Usiingie majini kukwamua kitu.

#31 Afisa_Mstaafu_wa_Uvuvi
Nawakumbusha tu, kwenye maji yetu hata kuvua kwa starehe kuna leseni. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009. Pitieni ofisi ya uvuvi ya halmashauri, mwone na viongozi wa BMU wa eneo, vile vikundi vya wananchi vya kusimamia uvuvi. Na mabwawa hufungwa kwa vipindi samaki wazaliane, ulizeni kabla ya kuchoma mafuta.

#32 Boya_Linazama
Na plastiki je mkuu? Si ilipigwa marufuku 1 Juni 2019? Mleta uzi atakamatwa na minyoo yake.

#33 Afisa_Mstaafu_wa_Uvuvi
Ile ni mifuko ya kubebea. Usimtie mwenzako presha. Ila hoja ya plastiki si ya kuchekea sana. Minyoo ikikatika inabaki majini, haiozi, samaki anameza, inakaa tumboni. Kule Marekani jimbo la Maine mwaka 2013 ulipelekwa mswada wa kuizuia, wakaishia kuagiza uchunguzi. Iliyochakaa rudi nayo nyumbani.

#34 Muuza_Samaki_Majengo
Na mimi nisije nikaikuta kwa wateja wangu.

#35 Ndoano_Kavu
MREJESHO.

Kibali nilifuatilia kabla, Afisa usinikasirikie. Jumamosi nikaenda Hombolo. Nilikuta vijana watatu wa shule wana fito, mshipi wa nailoni, ndoano ndogo na bonge la ugali. Wakaangalia fimbo yangu, rili yangu, wakaangaliana. Hawakucheka mbele yangu, hiyo nawapa heshima.

Mchana kutwa hakuna. Yaani kulikuwa na kitu kinagonga, tk tk, nikivuta nakuta mkia umekatwa safi. Baadaye nikakata mnyoo kipande cha nusu kidole, nikakifunga kwenye ndoano ndogo ya wale vijana, nikapata perege mmoja wa kiganja, dume, tumbo lina tope la kijani kama dada wa Majengo alivyosema.

Jua linazama mmoja wa wale vijana akaniambia, "Mjomba, hicho chako hakinuki." Kabla sijajibu kashachukua mnyoo wa zambarau, kaupaka utumbo wa perege mwanzo hadi mwisho, kanirudishia. Nikarusha karibu na matete. Chubwi ikagusa chini, mshipi ukalegea. Nikasubiri. Ule mlegeo ukaanza kujinyoosha wenyewe pole pole, haukugongwa, ulikuwa unatembea tu kwenda kushoto kama mtu anauvuta kwa vidole viwili. Nikashusha ncha ya fimbo, nikahesabu moyoni, nikavuta kwa nguvu.

Kambale. Kilo mbili zinafika. Mnyoo ulikuwa umeingia hadi kooni.

#36 Mzee_wa_Manyoni
HARUFU. Nilisema.

#37 Fundi_Kalibu
Mzee, utumbo wa perege si harufu ya mnyoo. Angepaka kandambili angepata kambale huyohuyo.

#38 Mzee_wa_Manyoni
Mnyoo wa kawaida ukiupaka utumbo unateleza, haukai. Wa zamani umeshika kwa sababu plastiki yake imekauka juu, ina vinyweleo. Jaribu uone.

#39 Mama_Wawili_Ipagala
"Nikasubiri." Mmesoma hapo? Alisubiri. Nimemaliza.

#40 Binti_Nyegezi
Kuhusu wale perege waliokata mikia. Dume la perege linachimba shimo chini linalilinda, chochote kinachopita linakitimua. Jike ndiye anayebeba mayai na vifaranga mdomoni. Kwa hiyo zile "tk tk" huenda hazikuwa njaa hata kidogo. Alikuwa anamfukuza mgeni kwenye kitanda chake. Na huyo uliyemvua umesema ni dume.

Hata besi wakati wa kutaga hufanya hivyo, dume anashambulia chambo kinachokaribia kiota. Sasa kaka, kule Lake Fork samaki walipogoma halafu wakashika zambarau, ilikuwa msimu gani?

#41 Ndoano_Kavu
Mwezi Aprili mwanzoni.

#42 Binti_Nyegezi
Mmmh.

#43 Ndoano_Kavu
Lakini mipya niliipitisha hapohapo siku ileile, na kiota kama kilikuwepo kilikuwa hapohapo! Kwa nini afukuze ulionyooka aache wenye makucha? Wenye makucha ndiyo adui wa mayai.

#44 Msafiri_Nakuru
Hapo mleta mada ana hoja. Naivasha wenye makucha ndiyo wanaopigwa.

#45 Hesabu_Haidanganyi
Au alishachokozwa na mitano ya kwanza, wa sita akamalizia hasira. Ungeanza na zambarau ukamaliza na makucha, leo uzi ungeitwa "Minyoo mipya ya makucha".

#46 Kibanda_Umiza_Area_D
😂😂😂 hii ndiyo post ya uzi.

#47 Fundi_Kalibu
Tukirudi kwenye vitendo. @Ndoano_Kavu hiyo minyoo yako ni migumu au bado laini? Maana yale mafuta ya kulainisha hutoka taratibu kwa miaka, na joto la Dodoma la Oktoba litaimaliza kabisa ukiiacha kwenye buti la gari. Ukikuta umejipinda, utumbukize kwenye maji ya moto kidogo, uunyooshe juu ya sahani, umwagie ya baridi. Usiuweke kwenye moto moja kwa moja wala usiyeyushie jikoni, PVC ikiungua moshi wake ni tindikali, inakwangua kifua.

#48 Ndoano_Kavu
Nusu laini, nusu imeanza kukakamaa. Na imekutana na balaa. Niliipanga kwenye kile kiboksi kigumu cha kung'aa chenye vyumba vyumba, pamoja na vile vifupi vya kisasa vinavyonyumbulika. Jana nafungua, sakafu ya boksi imelainika, inanata, na minyoo miwili imegeuka uji wa zambarau na kijani.

#49 Fundi_Kalibu
Makosa mawili. Yale mafuta yanakula plastiki ngumu ya aina ile, ndiyo maana sakafu imelainika. Na vile vifupi vinavyovutika sana si PVC, ni plastiki nyingine, vikigusana na PVC vinayeyushana. Kila jamii kaa na pakiti yake ya asili. Rangi nazo zitenganishe, nyeusi ikikaa na nyeupe mwezi mmoja huna nyeupe tena.

#50 Mkulima_Zabibu_Hombolo
Weka kwenye chupa ya kioo. Mvinyo ukiisha niletee jina lako, chupa ninazo tele.

#51 Mpwani_Aliyepotea
Nyuzi za kiroba haziyeyuki. Nasema tu.

#52 Fundi_Umeme_Mtera
Mleta uzi, ukija huku chukua kipande cha waya mwembamba cha kufunga mbele ya ndoano. Bonde la Ruaha wapo wale wenye meno nje, jamii ya Hydrocynus. Akipita huyo, mnyoo wako wa kumbukumbu anaukata vipande vitatu na mshipi juu.

#53 Mwalimu_Mstaafu
Waya ukiweka, mnyoo mwepesi unazama kichwa. Ile hoja ya fundi ya mkia juu inakufa hapohapo.

#54 Fundi_Kalibu
Waya wa uzi-uzi mwembamba, mwalimu, sentimita kumi na tano tu. Haushushi kitu.

#55 Mwalimu_Mstaafu
Umepima?

#56 Fundi_Kalibu
Nitapima kwenye ndoo kesho, nitaweka video.

#57 Kijana_wa_Kondoa
Nani anaenda Mtera mwisho wa mwezi tuchange mafuta? Besi nimeshawasamehe, nataka kambale.

#58 Ndoano_Kavu
Mimi naenda. Nina nafasi tatu kwenye gari. Nabeba zambarau, nyeusi na mipya ya makucha, na safari hii naanza na makucha ili Hesabu alale usingizi.

#59 Hesabu_Haidanganyi
Nafasi moja yangu. Nakuja na daftari. Utumbo wa perege hauruhusiwi garini.

#60 Mzee_wa_Manyoni
Mnipitie njia panda, natangulia na basi. Utumbo nitabeba mimi.

#61 Muuza_Samaki_Majengo
Mkipata kambale wa zaidi ya kilo moja nitawachukua kwa bei nzuri, ila niwaone wakiwa hawajapasuliwa. Nitapasua mwenyewe, mbele yenu.